Ndoo ya Kijani na Matumbawe ya Shangazi

Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umeifunika Kimulot tangu asubuhi, hata shamba la chai lililo nyuma ya nyumba halionekani. Sikwenda kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma, na huo ulikuwa uongo.

Matumbawe yanakufa, na ni mimi niliyeyaua.

Nieleze kwa utaratibu, kama mwalimu wetu wa biolojia anavyotaka. Shangazi yangu hufundisha chuoni Kabianga. Alipokwenda kusoma ng'ambo kwa mwaka mmoja, aliniachia tangi lake la kioo, lita mia moja za maji ya chumvi. Ndani mna uduvi wanne, na matumbawe aliyoyakuza kwa miaka sita kutoka vipande vidogo kama kucha. Baba alisema hayo ni mawe. Shangazi akamjibu, "Ni wanyama, kaka yangu. Na Chebet ndiye atakayewachunga."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniamini hivyo.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kila Ijumaa kabla ya shule natoa lita kumi, nakoroga chumvi ya pakiti kwenye maji yaliyochujwa, napima, kisha namimina polepole. Ndoo ni ile ya kijani, na haitumiwi kwa kitu kingine.

Hilo la mwisho sikumwambia mtu. Niliogopa watanicheka kwa kuyawekea mawe ndoo yao. Basi nikaiacha barazani pamoja na zingine, na Alhamisi Baba akaichukua kuchanganyia dawa ya kupe. Hapa kwetu kila mtu hufanya hivyo. Ukimaliza kupulizia ng'ombe unasuuza ndoo, unairudisha, basi.

Lakini siwezi kumsukumia Baba lawama. Ijumaa nilipoinama kukoroga chumvi, nilisikia harufu ile. Naijua tangu utotoni. Nilikuwa nimechelewa, nikajiambia ni gambuti za Baba zinazonuka, zile za kuvaa zizini.

Nikamimina.

Niliporudi jioni, uduvi wote wanne walikuwa wamelala chali. Jana matumbawe yalijikunja. Leo yale ya zambarau, yaliyokuwa yakifunguka kila asubuhi kama vidole vya mtoto, yamenyauka na yanatoa ute.

Baba alisimama mbele ya tangi, kofia mkononi.

"Si niliisuuza? Mara mbili, Chebet."

"Ndiyo, Baba."

"Ungesema tu ni ya hao wanyama."

Dada yangu Chelangat akadakia kutoka jikoni, "Angalau sasa hawatapata kupe." Mama alimkemea, lakini nilimwona naye akiuma mdomo asicheke.

Niliwachukia wote kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikajichukia mwenyewe, na hiyo haijaisha.

Kuna baya zaidi. Jana Shangazi aliandika kwenye simu ya Mama: "Watoto wangu hawajambo?" Nikamtumia picha ya tangi niliyopiga mwezi wa tano. Akajibu, "Nilijua naweza kukutegemea."

Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyoliangalia tangi.

Leo nimetoa nusu ya maji na kubadilisha mkaa wa kichujio. Yale ya zambarau sidhani yatarudi. Lakini kuna kipande kimoja cha kijani, chini pembeni, ambacho nilikisogezea chembe ya chakula kikaifumbata. Polepole sana, lakini kiliifumbata.

Nimepiga picha nyingine, ya tangi zima, bila kuficha kitu. Nikaandika: "Shangazi, picha ya jana ilikuwa ya zamani. Nilisikia harufu ya dawa ya kupe kwenye ndoo na bado nikamimina." Baba sikumtaja.

Mama ameniletea ndoo yake ya kukamulia, ile ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Ameiweka karibu na tangi na kuondoka.

Shangazi ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Nakoroga chumvi.