Nilimwita Mdogo Wangu Teja

Shoga, nimeaibika. Uso wangu nauweka wapi?

Si unajua nilivyokuwa namficha mdogo wangu zile dawa zake za maumivu? Nikamwambia mbele ya mama, "Huumwi wewe, wewe ni teja." Teja! Ndugu yangu wa tumbo moja!

Leo wamempasua. Daktari akatoka na kibakuli, ndani mna mawe meupe. "Haya yameziba mrija wa kongosho miaka mingi. Sijui alivumiliaje."

Amezinduka sasa hivi, jasho linamtiririka, amekaza meno. Akanitazama kwa woga. Kwa woga, shoga! Akaniuliza, "Dada, naruhusiwa kumwomba nesi dawa?"

Nimekimbia mwenyewe kumwita nesi. Yeye ameshaingia. Mimi bado nimesimama mlangoni.