Pumu ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Wapimaji wa wanamichezo tena. Wanagonga, mtoto bado ana maziwa kidevuni. Mwanamke na mwanamume, na begi lao la vichupa. Si watu wabaya, siku hizi hata viatu wanavua mlangoni bila kuambiwa. Wamekuwa kama ndugu – ila ndugu hawamfuati mume wa mtu chooni kumwangalia akikojoa!

Binti yangu akamwuliza yule mama, leo tena baba anakojoa kwenye kikombe? Mama wa watu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilifuta meza.

Hawatapata kitu. Ile sindano ina kibali. Mume wangu kaniambia hivyo mara nyingi mno, na mtu harudiirudii hivyo jambo analoliamini.

Jumanne, 4 Juni

Limetoka. Kila redio. Mume wangu alipewa kibali cha sindano ya pumu kabla tu ya yale mashindano makubwa ya baiskeli aliyoshinda. Bila kibali ni marufuku: inakausha mafuta mwilini, nguvu inabaki. Ukiwa mgonjwa, ruksa. Na si yeye peke yake. Waendesha baiskeli wanne wa timu moja, wote pumu, wote wiki moja, na aliyewaombea vibali ni yuleyule daktari wa timu.

Muuza duka hapa chini hakunionea haya. Eti: "Mama, hiyo ni timu au wodi? Vifua vibovu, na milima wanapanda kuliko mbuzi!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikachukua sabuni yangu nikaondoka.

Miaka sita nalala na mtu huyu. Anakoroma, ndiyo. Anasaga meno. Kubanwa kifua – sijaona. Na pumu naijua, nimezaa mwenye pumu. Naijua kwa mabega yanavyopanda, kwa kale kashimo ka shingoni kanavyoingia ndani mtoto akitafuta hewa. Ugonjwa ule haukai nyumba moja na mimi nisiuone.

Jumatano, 5 Juni

Mchana mwalimu wa chekechea kapiga simu. Mtoto anakohoa, inhela yake ya kuvuta dawa haimo kwenye mkoba. Nimekimbia na ile ya akiba, kandambili mguuni. Nilijilaumu njia nzima – nimeiacha wapi, mama gani mimi.

Jioni tumewasha televisheni. Baba yake anahojiwa, jezi ya timu mwilini. Anasema ana pumu tangu utotoni. Anatia mkono mfukoni, anatoa inhela. Ya bluu. Ina stika ya bata.

Bata wetu!

Halafu akavuta. Sijui nilie au nicheke. Hakutikisa. Hakutoa pumzi kwanza. Alibonyeza mdomo ukiwa wazi, dawa ikatoka nje kama moshi, yeye akameza mate. Binti yangu kasimama mbele ya televisheni anapiga kelele: "Baba, tikisa! Tikisa kwanza!"

Ana miaka minne.

Alhamisi, 6 Juni

Amerudi. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini ya mtoto. Kasema daktari wa timu alimwambia aende na inhela kwenye mahojiano, yeye hana, aliiona ile mkobani, akadhani hatutaihitaji siku hiyo. Sindano alichomwa, inhela hakuwahi kupewa. Mwenye pumu asiye na inhela! Seremala asiye na nyundo.

Nikasema mtoto kakohoa chekechea bila dawa. Akakaa chini, palepale sakafuni, begi bado mgongoni. Nilimhurumia, na nikachukia kumhurumia.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari wa timu kaja. Manukato yake yamebaki kwenye mto wa kochi mpaka sasa. Shemeji hapa, shemeji pale. Watu wameona stika ya bata, kwa hiyo lazima yapatikane maelezo. Maelezo anayo: pumu hurithiwa. Mtoto anayo, basi ya baba si ajabu, na baba na mwana wanatumia inhela moja. Tume ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu itatuma mtu hapa nyumbani kunisikiliza. Niwaambie tu jinsi mume wangu anavyobanwa usiku. Mtoto akiwepo sebuleni, vizuri zaidi.

Nikamwambia mtoto kairithi kwa mama yangu. Mama yangu aliondoka na pumu hiyohiyo, mikononi mwangu.

"Pole sana, shemeji. Lakini tume haitamwuliza marehemu."

Alisema hivyo huku anakoroga chai. Chai yangu!

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kapiga simu. Juzi alimwambia mwandishi wa habari, kwa majivuno yote ya mzazi, kwamba mwanawe hajaugua hata mafua tangu azaliwe. Leo kumbukumbu zimemrudia. Alikuwa akibanwa mno, mwanangu, we! Nani kakukumbusha, mama? Daktari wake, kijana mwenye adabu kweli.

Jumapili, 9 Juni

Hakwenda mazoezini. Wamekaa mkekani, yeye na binti yake, na inhela moja iliyokwisha dawa. Binti anafundisha. Tikisa. Toa pumzi yote. Funga midomo. Bonyeza, vuta polepole – sasa usitoe, hesabu! Akikosea anachapwa kiganjani. "Baba wewe mgumu kuelewa!" Naye anacheka, ile miguu yenye mishipa kama kamba kaikunja kama mwanafunzi.

Kwa muda kidogo tulikuwa familia. Kisha nikakumbuka haya ni mazoezi ya nini. Nikamwita mtoto aje kuoga.

Baadaye akianika jezi nilimwuliza: una pumu au huna? Kipimo kilisema ninayo. Kilisema kiasi gani? Kidogo. Walimkimbiza kwanza kwenye vumbi na baridi, ndipo akapuliza kwenye mashine. Hata wewe wangekukuta nayo, kasema. Wote wanafanya. Nikikataa, nafasi yangu ina mtu tayari. Na ni halali!

Halali. Neno zuri, tumelichosha.

Jumatano, 12 Juni

Wapo sebuleni. Mama wa tume, mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba, sauti ya chini. Daktari kakaa karibu na mlango. Mume wangu kavuta inhela mbele yao bila kosa hata moja. Mwalimu wake, binti yangu, akapiga makofi!

Yule mama akamtazama mtoto kwa muda. Hakumwuliza neno – Mungu ambariki kwa hilo. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayelala naye, mwanangu. Umewahi kumsikia akibanwa?"

Nikasema samahani, mtoto ana kiu. Hakuwa na kiu.

Naandika nimeegemea friji. Mume wangu kanifuata jikoni. Hakunitisha, ingekuwa rahisi. Amesema taratibu: ukisema hapana nimekwisha, mimi sijui kazi nyingine. Nikasema najua. Akasema basi taja usiku mmoja tu. Nikamwuliza, usiku huo midomo yako ilikuwa na rangi gani? Maana wataniuliza. Rangi za kukosa hewa ninazozijua ni mbili, ya mama yangu na ya mtoto. Niwape ipi?

Akanishika bega, akaliachia. Karudi sebuleni.

"Shemeji, tunakungoja!" – daktari huyo, kwa sauti ya kicheko.

Mtoto yuko hapa miguuni. Anataka kujua kama na yeye ataulizwa, kwa sababu majibu yote anayajua. Nimemwambia hapana. Wewe hutaulizwa kitu na mtu yeyote. Nimemvalisha viatu na sweta, mkoba wake nimeukagua mara mbili. Anauliza tunakwenda wapi. Kwa kweli sijui. Mlango wa kutokea uko sebuleni, lazima tupite mbele yao wote –