Ukungu Ulionuka Bahari

Baba Cherono,

Leo ukungu umeshuka mpaka mlango wa jikoni. Nimekaa hapa na chai yangu, nikaona kwamba watu wengi wamenieleza yaliyokupata upande wako, lakini mimi sijawahi kukueleza asubuhi ile ilivyokuwa huku Mogogosiek. Tunaoijua ni mimi na mama yako tu, na yeye hataki kuitaja.

Watu wakiniuliza mume wangu alifanya kazi gani, nikisema nahodha, wanacheka kwanza. Siwalaumu. Kijana wa Kipsigis aliyelelewa kwenye majani chai, aliyekuwa anaogopa hata kuvuka mto ukijaa. Ulienda Pwani kulinda geti la hoteli. Ukaanza kuwasaidia vijana wa boti kusukuma boti zao majini, mmoja wao, Katana, akakufundisha kuogelea ukiwa tayari baba wa mtoto, na mwisho ukapewa boti ya kupeleka wageni kuangalia samaki kwenye miamba.

Krismasi uliyokuja ukiwa nahodha, ulichukua karai la kuoshea vyombo, ukaliinamisha huku na huku mbele ya mama yako, Gogo kama Cherono anavyomwita bibi yake, ukimwonyesha maji ya bahari yanavyoondoka na kurudi.

“Yakiondoka yanaenda wapi?” Gogo akauliza.

“Hayaendi mahali, mama. Yanavutwa na mwezi.”

“Mwezi gani? Huu wetu?”

Tulicheka mpaka Cherono akaamka. Lakini Gogo hakucheka sana. Jioni hiyo alitoka nje, akauangalia ule mwezi kwa muda mrefu kama mtu anayemwangalia jirani anayesemwa vibaya.

Kila asubuhi, kabla hujaingia majini, ulikuwa unanipigia. Mimi nakwambia kama mvua ya mawe imegonga majani, wewe unanisomea utabiri wa bahari uliotumiwa kwenye simu yako. Mwanzo nilikuwa nasikiliza sauti tu. Polepole nikaanza kuelewa. Nikajua kusi ni upepo wa katikati ya mwaka, na ndio mkali. Nikajua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukauka sana mwezi ukiwa mpevu. Nikajua mlango, ule uwazi kwenye mwamba ambao boti hupitia kwenda bahari kuu, na kwamba ukiona povu jeupe limeukata upande hadi upande, huo mlango umefungwa hata mgeni akikasirika vipi. Mawimbi yakiachana, ulisema, unaweza kuongea nayo. Yakikaribiana, hayakupi nafasi ya kujibu.

Siku moja nilikuuliza kama huogopi. Ukasema, “Mawimbi siyaogopi sana kwa sababu nayaona. Naogopa bahari ikinyamaza siku ambayo utabiri umesema upepo.”

Asubuhi ile ulinipigia mapema. Kusi ilikuwa imekaza. Mawimbi makubwa, tena yamekaribiana, boti ndogo zisitoke. “Leo hatutoki,” ukasema. “Nitashinda nikitengeneza injini.” Nikafurahi. Nikabeba kikapu nikaenda shambani na mama yako.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa namsikia Gogo akichuna mstari wa pili kutoka kwangu, vile vidole vyake vinavyokata jani kwa haraka, lakini simwoni. Kisha vidole vikanyamaza.

“Nani anapika samaki?” akauliza.

Nikamwambia hakuna mtu anapika samaki saa hii. Halafu na mimi nikanusa. Unaijua ile harufu iliyokuwa inatoka kwenye begi lako ukifika nyumbani, ya kamba zilizolowa na majani ya baharini? Ndiyo hiyo. Ilikuwa imelala juu ya shamba zima pamoja na ukungu, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikajifuta uso kwa mkono uliolowa umande. Midomo yangu ikaonja chumvi.

Gogo akatokea kando yangu, ameshika mikono yake kifuani. “Mpigie,” akasema. Hakutaja jina.

Ulishika simu kabla haijalia vizuri.

“Uko wapi?” nikakuuliza.

“Niko nje ya mlango.”

“Si ulisema hamtoki?”

“Nilitoka kidogo.”

Nyuma yako hakukuwa na upepo, wala injini, wala maji. Sauti yako ilikuwa karibu, kama ya mtu aliye upande ule mwingine wa shamba. Ukasema, “Mama Cherono, bahari imetulia. Imetulia mpaka imekuwa kijani. Na kuna ukungu, kama wa kwetu kabisa.”

Nikakwambia, “Rudi.”

Ukasema, “Namsikia mama akichuna.”

Mama yako alikuwa amesimama hapa, Baba Cherono. Mikono yake nilikuwa naiona. Lakini hata mimi nilisikia, mahali fulani ndani ya ukungu, vidole vinakata majani, tiki, tiki, taratibu, vikielekea chini mtoni. Simu ikakatika. Tulisimama hapo mpaka ukungu ukainuka, na shamba lilikuwa tupu na ile harufu haikuwepo.

Katana alinipigia mchana. Alianza kwa kusema, “Shemeji, uko na mtu hapo?” nami nikajua.

Nilisafiri na mdogo wako. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona bahari, na niliichukia kabla sijashuka kwenye gari. Katana alitupeleka ufuoni akatuonyesha mlango. Hata siku hiyo povu lilikuwa limeukata wote. Akatueleza jinsi vijana fulani walivyochukua boti ndogo bila kumwambia mtu, injini ikazima, wakasukumwa nje ya mwamba. Wewe uliacha spana mchangani, ukapanda boti ukawafuata. Katana alikuja nyuma yako na boti ya pili akiwa na kamba, lakini hakuweza kupita mlango wote. Uliwaingiza majini mmoja mmoja, ukawafikisha kwenye kamba, akawavuta. Wa mwisho aliposhika, wimbi likaja juu yako na lingine likaja juu ya hilo.

Nikamwambia Katana kwamba niliongea nawe ukiwa huko, na ulisema kuna ukungu.

“Huku hatuna ukungu, shemeji,” akasema. Kisha akasema, kwa upole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, “Na simu yake aliniachia mimi kabla hajapanda boti. Ilikuwa mfukoni mwangu. Haikulia.”

Nikamwonyesha simu yangu. Jina lako lilikuwa pale, na saa tuliyoongea. Akaangalia, akanirudishia, akaenda kusimama mbali na maji.

Yule wa mwisho kuvutwa ni msichana, mwanafunzi wa chuo. Alikuja kuniona kabla hatujaondoka. Alilia, akaniomba msamaha, nikamshika mkono kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Akasema, “Alikuwa ananisukuma kwenye kamba huku anaongea. Nilidhani anaongea na mimi. Sikuelewa.”

“Alisema nini?”

“Alisema, ‘Nilitoka kidogo.’”

Sikumwambia kwamba maneno hayo niliyasikia kwenye simu. Kuna mambo ambayo mtoto wa mtu hafai kubebeshwa.

Walikutafuta mpaka bamvua ikapita, na hawakukupata. Tulikufanyia ibada kanisani bila jeneza. Watu walijaa, wengine kutoka Silibwet, na mchungaji akasema vizuri. Kuna siku nilikukasirikia sana. Ulijua huo mlango umefungwa. Ulinifundisha mwenyewe. Halafu nakumbuka mkono wa yule msichana ulivyokuwa na joto, na hasira inakosa mahali pa kukaa.

Juzi mwalimu aliwaambia watoto waseme kazi za wazazi wao. Cherono akasimama akasema, “Baba yangu anatoa watu kwenye maji.” Anatoa. Mwalimu hakumrekebisha, na mimi pia sijamrekebisha. Gogo ameacha kuchuna asubuhi. Anangoja jua litoke ndipo aende, na akifika anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ili asisikie kitu kingine.

Mimi naenda kwenye ukungu kama zamani, kwa sababu majani hayangoji. Mara nyingine nasikia mtu anachuna chini kule kwenye mistari ya mtoni, na siendi kuangalia. Simu naiacha ndani ya nyumba. Ukipiga nikiwa nayo nitashika, Baba Cherono, na nikishika nitakuuliza njia ya kuja huko uliko, na mtoto bado ni mdogo.

Basi nisamehe nikikaa kimya. Pumzika huko ulipo.

Mke wako,
Mama Cherono