Nira ya Bibi Savita

Jumatano.

Basi nikamwambia Bibi Savita, mama wa mwenye mashine ya kukoboa, kwamba Mama Tumaini, mwenyekiti wetu wa kwaya, anataka kunitoa. Eti yoga ninayofundishwa na Bibi kwa ajili ya mgongo ni mapepo.

Bibi akacheka. "Mama Neema, hicho ni Kisanskriti, lugha yetu ya kale. Mzizi wake ni yuj, kufunga pamoja. Humo imetoka yoga, kuunganisha, na yuga, nira ya ng'ombe."

Nira! Si hii hii ya maksai wa Wasukuma kule Michenga?

Kesho nawaeleza wanakwaya. Ila naogopa, bila kwaya mimi nitaongea na nani?

Hodi hiyo. Mama Tumaini mwenyewe, kashika kiuno, ananong'ona: "Shoga, funga mlango unionyeshe." Ngoja ni—