Kwako Fundi Mvi, Uliyekata Mawe Makavu

Mwaka umekatika, mdogo wangu, tangu asubuhi ile ulipomwomba mkeo akuwekee mto wa tatu mgongoni, ukakaa wima, ukavuta pumzi ambayo haikurudi. Mpaka leo mtu akikohoa mlangoni, nyumba nzima inanyamaza.

Walikuita Fundi Mvi ukiwa kijana wa miaka ishirini na tano, kwa ajili ya vumbi la mawe kichwani. Jiwe la kaburi ulilichonga kwa heshima, hata la mtu usiyemjua. Jina likiwa refu hukunung'unika. Ulisema, "Mtu kaishi na jina lake lote, mimi ni nani nilifupishe?"

Ukirudi nyumbani ulisimama kizingitini, ukakung'uta shati mara tatu, ndipo ukaingia. Binti yako alikurukia, mkawa weupe wote wawili. Shemeji akafoka: "Jamani, mimi nimeolewa na fundi au na gunia la unga?" Ukacheka, kisha ukakohoa. Zamani kicheko kilikuwa kirefu na kikohozi kifupi. Miaka ikaenda, vikabadilishana.

Lililo moyoni mwangu nalisema hapa, mbele ya watu. Mimi kaka yako ndiye niliyekufundisha kukata mawe makavu. "Ukililowesha jiwe, mstari wa penseli unafutika," nilikwambia. Na kweli unafutika. Nikakata nawe miaka minne, nikachoka kukaa mahali pamoja, nikabeba begi nikaenda zangu. Wewe ukabaki na mistari iliyonyooka, na vumbi lote, miaka thelathini na moja.

Kila nilipopita kukujulia hali ulisema ni mafua. Mafua gani ya miaka sita? Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikusaidia kuficha. Siku daktari alipoiinua picha ya kifua chako kwenye mwanga, alikuuliza, "Mzee, umevuta sigara miaka mingapi?" Ukamjibu hujawahi hata kuonja. Akaiangalia tena. "Basi umevuta mawe," akasema. "Na hayo yakishaingia hayatoki."

Tungependa kukuandikia mema tu. Lakini binti yako amerithi tindo zako, ana mkono wako, na tangu mwezi uliopita ana kikohozi chako. Mama yake alimsikia akiwa jikoni, akasimama palepale mpaka maji yakakauka sufuriani.

Nilimfuata karakanani nimwombe aende hospitali. Alikuwa anapuliza unga kwenye herufi kwa mdomo, vilevile kama wewe.

"Baba mkubwa, ni mafua tu."

"Hata baba yako alisema hivyo."

"Baba alikata miaka zaidi ya thelathini. Mimi nina saba."

"Na shati alilokukung'utia tangu unatambaa? Hilo hulihesabu?"

Akaweka nyundo chini.

"Na wewe je? Wewe ulianza kabla yake. Hodari wa kupeleka wenzako hospitali, na begi lako liko mlangoni! Nikienda, tunakwenda wawili."

Mdogo wangu, nimevuka mito bila kujua kuogelea, lakini neno lile lilinitia baridi. Nilitafuta safari ya kuniondoa hapa, sikuipata. Nikamwambia sawa.

Wiki hii amelimaliza jiwe lako. Amelichonga likiwa limeloa. Mstari hakuuchora kwa penseli, ameukwaruza kwa msumari, maji yasiufute. Shemeji alishika birika akimimina polepole, na kilichotoka ni uji wa kijivu ukitiririka chini. Hakuna vumbi lililoruka. Kazi ya siku moja ilikula siku tatu, na herufi ya mwisho imepinda kidogo. Tumeiacha hivyohivyo.

Msumari, ndugu yangu. Ulikuwa nao mfukoni kila siku, wa kupimia kina cha herufi. Nami nilikuwa nao. Hatukufikiri.

Enyi mafundi mnaosoma hapa, kwaruzeni, lowesheni mawe. Mteja atasamehe mstari uliopinda.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda hospitali kupigwa picha ya kifua, mimi na binti yako. Begi nimelifungua, nguo zangu ziko kwenye kabati lako. Siondoki. Majibu yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya, tutakuja kukusomea pale kwenye jiwe.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anapanga mito mitatu kitandani. Na binti yako, fundi. Na mafundi wenzako wa karakana. Na mimi, kaka yako, niliyechelewa kurudi.

Maadamu kifuani mna pumzi, hatutakusahau.