Makuti ya Shinani kwa Mforsadi wa Zuwena

Jumamosi, 3 Mei
Viwavi wa hariri wameshakula mara tatu leo. Kijiji chetu kizima cha Samad, hapa Omani, hakuna aujuaye mforsadi kama mie.
Uongo. Mjuzi ni mke wangu Zuwena. Mie najua kula forsadi tu na kuchafua kanzu. Yeye yuko hospitali Ibra, kifua. Kaniachia amri mbili: zamu yetu ya falaji, mfereji wa maji wa kijiji, ikifika, mti unywe, na makuti makavu aliyoyatandaza shinani nisiyaguse. Yakiondoka, ardhi hukauka, majani huwa kama ngozi ya kiatu, viwavi hawali. Haya, bibi mkubwa.

Jumanne, 6 Mei
Ijumaa anarudi! Nimefagia ua wote, mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, kama alivyokuwa akifagia mama kwetu Unguja. Makuti ya shinani nayo nimeyazoa, nimeyachoma. Mgonjwa hapokewi na takataka. Zamu ya maji nimemwachia jirani Seif, majani ya mbuzi wake yanakauka. Mti mkubwa ule, utangoja. Najiona bwana harusi.

Ijumaa, 9 Mei
Hakurudi. Daktari kamzuia.
Ardhi imepasuka. Majani magumu, kingo za manjano. Viwavi wanayapanda, wanashuka na njaa yao.
Kanipigia simu. "Majani laini?"
"Laini kama shavu lako."
"Muongo wee. Umefagia, eti?"
Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu, hata uchafu hujui kuutunza."
Nimeumwagia mti ndoo nne. Jua limezimaliza. Mpumbavu mie.

Jumatatu, 12 Mei
Zuwena kafa alfajiri. Tumemzika kabla ya adhuhuri.
Watu wamekaa uani. Wameusifu usafi. Nilitaka kuwatukana wote, na imamu wao.

Jumamosi, 17 Mei
Wageni wamekwenda zao. Viwavi wamebaki kumi na mmoja, wembamba kama uzi.
Nimetandaza makuti mapya shinani. Vibaya. Angeyapanga upya, huku ananisema. Nilikaa kidogo nikingoja kusemwa.
Lakini makuti makavu juu ya ardhi kavu hayana cha kuhifadhi. Yanataka maji chini yake. Zamu yangu bado siku tano, na hawa kumi na mmoja hawana siku tano.
Kesho zamu ya Seif. Siku hizi akiniona anatazama chini. Nitamwambia hivi tu: Seif, ile zamu niliyokuachia, nirudishie nusu yake. Mti wa Zuwena una kiu.