Zena, Jina Lako Limetajwa Mbele ya Wageni

Zena wangu,

Sijui kama habari za huku zinakufikia, lakini hii lazima ikufikie, ndiyo maana nimeketi kuiandika kwenye kompyuta yako ya dirishani. Wenzetu wamekwenda kula, nimefunga mlango wa klabu yetu ya kompyuta kwa ndani. Nina furaha mbaya moyoni, ile ya kumwona mtu akianguka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unamjua Donasiyani, makamu wako. Siku tuliyokuzika alilia kuliko sisi sote, mpaka watu wakamshika mikono, nami nikamwonea huruma, mimi mjinga. Hata arobaini yako haijasomwa, akajifanya prezida wa klabu. Nikasema sawa, lazima mtu aongoze. Kisha akaleta kibao kipya, kikubwa, cha buluu, na chini yake ameandikwa yeye kuwa mwanzilishi. Picha yako akaitoa ukutani, eti ukuta unapakwa rangi. Rangi ikakauka, picha haikurudi. Niliikuta nyuma ya kabati, uso umegeuziwa ukutani.

Hayo pengine ningeyameza. Lakini alikuja mtu kutoka Bujumbura kupanga ziara ya wageni, watu waliotaka kuona jinsi wauza samaki na wakulima wa hapa Rumonge wanavyojifunza kompyuta. Akauliza huyu Zena ambaye kila mtu sokoni anamtaja ni nani. Donasiyani akajibu, mimi nimesimama palepale na sahani ya mandazi: "Ah, huyo mama alikuwa anatufagiliaka hapa, na kutupikia chai."

Niliiweka ile sahani chini polepole, Zena. Ningeendelea kuishika, ingempata usoni.

Kufagia! Wewe uliyerudi kutoka Kigoma na kompyuta za kwanza umezifunga ndani ya magodoro, watu wakakucheka kwamba wenzako wamerudi na mabati ya kuezekea. Wewe uliyemkamulia ndimu Mama Kezia wa Gitaza anawe mikono, kwa sababu alikuja na harufu ya samaki ndagala mpaka kwenye kucha na alikuwa anaona haya kugusa kitu. Na mimi? Siku ya kwanza nilivuta kipanya mpaka ukingo wa meza, nikakuita kwa kelele kwamba meza imekwisha. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Umuinue, Asha, umurudishe katikati. Si mbuzi huyo, haumukokoti." Mpaka leo nikifundisha mtu namwambia hivyohivyo.

Alifuta pia salamu yako. Ile uliyoichukua kwenye chuo cha Kurani cha baba yako: mtu akisimama klabuni, kabla ya neno lolote anataja jina lake, kisha aliyemfundisha, kisha aliyemfundisha huyo, mpaka wa mwanzo. Donasiyani alisema inatupotezea muda, ni mambo ya madrasa. Nilichelewa kuelewa kilichomkera. Kila njia ilikuwa inaishia kwako, na yake pia.

Sikugombana naye. Nilimchekea, nikamwitikia "ndiyo, prezida" mpaka akaniamini na funguo. Halafu nikapanda basi dogo hadi Gitaza, nikamkuta Mama Kezia anageuza ndagala juani, nikamweleza neno kwa neno alivyosemwa rafiki yake. Alimaliza kugeuza samaki wake, akajifuta mikono kwenye kitenge, ndipo akauliza: "Wageni wanakuja lini?" Baada ya hapo nikawazungukia wengine mmoja mmoja. Sikumwomba mtu aseme uongo. Niliomba salamu ya zamani tu.

Mtu wa mwisho kumwalika alikuwa mama yake Donasiyani, Mama Beatrisi, kule Bugarama. Nilimwambia mwanawe ana siku kubwa, aje akae kiti cha mbele. Zaidi ya hapo sikumwambia. Ndiyo, nilikusudia, na usininunie.

Siku ikafika. Donasiyani alivaa suti, akawasomea wageni Kifaransa kirefu juu ya safari yake, jinsi alivyoota klabu hii, jinsi alivyoteseka. Kisha akawaita wanachama waonyeshe kazi zao. Akasimama Mama Kezia na tangazo lake la bei. "Amahoro. Miye ni Kezia wa Gitaza. Alinifundisha Zena." Akafuata Juma wa mawese: "Miye nilifundishwa na Kezia, na Kezia alifundishwa na Zena." Akaja mwingine, na mwingine. Jina lako lilizunguka chumba kizima, Zena. Donasiyani mwanzoni alitabasamu, kisha akaanza kujifuta shingo, kisha akasema muda umetubana. Lakini mgeni mmoja, mama wa miwani, alikuwa ameipenda ile salamu. Akamgeukia kwa adabu zote akamuuliza, na wewe prezida, nani alikufundisha?

Donasiyani akatazama makaratasi yake. Ndipo Mama Beatrisi akaona mwanawe amesahau, akamsaidia kwa mapenzi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Si useme, mutoto wangu? Iko Zena! Alikuwa anakujaka ku nyumba kukufundisha, weye ulikuwa unaogopa hata kuwasha ordinateri!" Akawageukia wageni akicheka.

Donasiyani akalitaja jina lako. Alilitaja kwa sauti ndogo, mgeni akamwomba arudie, akarudia. Sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile tangu nizaliwe.

Kibao kimeshushwa. Picha yako iko mahali pake, na sasa wanachama wamemchagua Kezia kuwa prezida. Donasiyani ameomba radhi mbele ya wote, wamemsamehe, Kezia akamfungia na ndagala za kupeleka nyumbani. Mimi bado. Aliniomba nimsindikize kaburini kwako, nikamwambia njia anaijua, si ndiye aliyelia kuliko wote? Watu wananiambia moyo wangu umekuwa mgumu, kwamba wewe ungemsamehe siku ileile. Najua ungemsamehe. Na yeye alijua, ndiyo maana alithubutu. Kwa hiyo nakuomba usinijie ndotoni kunituliza. Niachie hasira yangu, nina matumizi nayo.

Kinachoniuma ni Mama Beatrisi. Alipotoka nje siku ile alikwisha kuelewa alichofanya, akapita mbele yangu bila kunisalimu. Wiki haikuisha akarudi. Nilidhani amekuja kunilaani, nikajiandaa kulaaniwa, maana nilistahili. Akavuta kiti mbele ya kompyuta akasema: "Na miye nataka kujua hiyo ordinateri." Sasa kila Jumamosi anashuka kutoka Bugarama na mfuko wa maharage mapya kwa ajili yangu, anavua viatu mlangoni, anakaa. Vidole vyake vimezoea jembe, anagonga herufi hadi meza inacheza. Nimemkalisha jirani na mwanawe makusudi. Nampenda huyu mama, Zena, nampenda kweli, na kisasi changu nakifanyia humohumo ndani ya mapenzi. Sikujua kama vinaweza kukaa pamoja.

Nasikia wenzetu wanagonga mlango. Mungu akurehemu, rafiki yangu, akupanulie mahali ulipo. Sikuahidi kwamba nitatulia. Nakuahidi hili: nitamfundisha Mama Beatrisi mpaka ifike siku mwanawe atakapokwama, atazame kulia na kushoto, asione wa kumuuliza ila mama yake. Na siku hiyo nitakuwa nimesimama karibu, nisikie anavyoomba.

Asha wako